Mkeka wa Bi Tatu

Kariakoo ya utoto wangu hunijia kwanza kwa pua. Ukipita kwenye maduka ya vitambaa unapokewa na harufu ya nguo mpya na maboksi, ukivuka barabara unakutana na dagaa na papa mkavu, na ukiingia kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya Mtaa wa Likoma, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinavyotazamana mlango kwa mlango, harufu zote hizo zinabaki nje na kuiachia nafasi dawa ya kuchua ya Bibi. Ilikuwa dawa ya njano, kali, yenye karafuu na kitu kingine ambacho sikuwahi kukijua, na ilikuwa imeingia kwenye mito, kwenye kanga, nadhani hata kwenye mikate. Watoto wenzangu shuleni waliniambia nanuka mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nikilala kitanda kimoja na bibi yangu, Bi Somoe, mwanamke wa Lindi aliyekuja Dar es Salaam akiwa mwari, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume na kuzeeka, yote hayo katika chumba kile kile.

Mama yangu alikuwa akiuza viatu vya mitumba Mchikichini. Alipanga chumba Buguruni, akitoka alfajiri na kurudi jua likizama, na alinipeleka kwa Bibi kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunitazama. Ndivyo majirani walivyoambiwa, na ndivyo nilivyoambiwa mimi: naenda kutunzwa na Bibi. Bibi alinipokea kwa utani wa mabibi wote wa pwani, wa kumwita mjukuu wa kike mke mwenza kwa kuwa wanagombea mume mmoja, ingawa babu alikwishakufa kabla sijazaliwa na hapakuwa na cha kugombea. "Mke mwenza, njoo unifunge kanga," aliniambia asubuhi ya kwanza, akiwa amenipa mgongo. Nilidhani ni mapenzi. Asubuhi ya pili nikaona vidole vyake vilivyovimba kwenye vifundo, vikilizunguka pindo la kanga bila kulishika, na nikaelewa kwamba katika chumba kile anayetunzwa si mimi.

Baridi yabisi ilikuwa imemkamata mikono na magoti. Sikulijua jina hilo wakati huo. Nilichokijua ni vitu ambavyo Bibi hawezi, na kila siku nilijifunza kingine. Hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya dawa yake mwenyewe. Hawezi kumenya kitunguu. Hawezi kuikalia mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa ni kiti cha chini, kwa hiyo nazi nilikuna mimi, vibaya, na kumletea machicha yenye vipande vya kifuu, naye akaula wali wake wote. Hawezi kuinua mguu kuuosha akitawadha, kwa hiyo nilipiga magoti na kumwagia maji huku yeye ameushika ukuta. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, cha nyumba nzima, kule uani. Nilikuwa namgeuzia mgongo, yeye anayashika mabega yangu, anashuka, na akimaliza anapanda kwa mabega hayo hayo. Wakati wote huo nilikuwa nikisema tebo ya saba kwa sauti, ili nisisikie kitu na yeye awe na hakika kwamba sisikii. Mpaka leo tebo ya saba ndiyo ninayoijua kuliko zote.

Majirani hawakuyajua haya, na hapo ndipo palikuwa na ustadi wa Bibi. Alikuwa anatoka chumbani akiwa amekwisha kufungwa, amekwisha kuchuliwa, ushungi umekaa sawa, na anakaa kwenye kiti chake ukumbini kama mtu aliyeamka zamani na kumaliza kazi zote. Akiniona nabeba ndoo alisema kwa sauti ya kusikika, "Mfundisheni mtoto kazi angali mdogo." Wanawake wa uani waliniangalia kwa huruma. Walidhani bibi yangu ni mkali. Nami nilikuwa naumia, kwa sababu hakuwa mkali hata kidogo. Tukiwa wawili alinishukuru kwa kila kitu, mpaka nikachoka kushukuriwa.

Mtu wake katika nyumba ile alikuwa Bi Tatu, Mzaramo, aliyekaa na mumewe chumba cha mbele yetu. Milango yao ilitazamana, na kwa miaka mingi haikuwa inafungwa mchana. Walikuwa mashoga wa kwenda pamoja: sokoni pamoja, maulidi pamoja, na zaidi ya yote msibani pamoja. Bibi alikuwa mtu wa misiba. Sisemi alipenda vifo, ila aliujua msiba kama fundi anavyoijua kazi yake. Alijua nani akae karibu na mfiwa, nani apelekwe jikoni kabla hajaanza kuleta maneno, na saa ya kumlazimisha mfiwa anywe uji. Alikaa kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka watu wanaondoka. Ndiyo sababu walimheshimu. Wengi wa watu wa mtaa ule walitoka mbali, kusini na kaskazini, hawana ukoo mjini, na ukoo wao ulikuwa ni wale waliokaa nao chini siku walipofiwa.

Neno "chini" hapo lina uzito wake. Msibani wanaume hukaa nje, chini ya turubai, kwenye mabenchi na viti. Wanawake hukaa ndani, kwenye mikeka, kwa sababu mfiwa mwenyewe yuko kwenye mkeka. Ukimkuta mwenzako amekaa sakafuni na machozi yake, nawe ukatafuta kiti ukakaa juu yake, umekuja kumkagua. Hakuna aliyewahi kunifundisha hilo kwa maneno. Hata mimi wa miaka tisa nililijua.

Siku moja tulikwenda msiba Gerezani, mimi na Bibi peke yetu, maana Bi Tatu alikuwa amekwenda kwao Kisarawe. Kushuka kwenye mkeka kulimtesa, lakini alinishika, akajiachia, akatua, na watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Baada ya dua wanawake walianza kuinuka. Bibi akainama mbele, akaweka viganja chini, akavuta goti moja. Goti halikuja. Akajaribu tena. Wasichana wawili wakamwona, wakamshika kwapani wakamnyanyua kwa nguvu zao zote, na fundo langu la kanga, ambalo nililifunga mwenyewe asubuhi, likafunguka. Kanga ikaanguka miguuni pake mbele ya wanawake wote. Alikuwa na gauni ndani, hakuna aibu ya mwili iliyoonekana. Mmoja wa wasichana akamfunika upesi, akasema, "Bibi, siku nyingine ukae na wababa kwenye viti," na watu wakacheka, kicheko cha upole tu, cha kumliwaza. Bibi akacheka nao.

Tulirudi kwa miguu tukipita kwenye vibanda vya mafundi wa vyuma, nyundo zikigonga kila upande. Mkono wake begani mwangu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Tulipofika chumbani akakaa kitandani na kuniambia, "Ulichokiona leo, mke mwenza, hukukiona." Sikumwambia mtu, wala Mama. Na Bibi hakwenda tena msiba wowote.

Mtaa haukuchelewa kugundua. Kwanza walimuuliza kama anaumwa, akasema hajambo, kidogo tu mafua. Halafu wakaacha kumuuliza. Nilikuwa nikienda bombani nasikia: Bi Somoe siku hizi ana maringo, Bi Somoe mwanawe kapata biashara Mchikichini basi watu anawaona takataka, hazikani, tutaona naye atazikwa na nani. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kwa watu wa mtaa wetu, mtu asiyehudhuria misiba ya wenzake ni mtu anayejichimbia kaburi la peke yake, na Bibi alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwasuta wengine zamani. Bi Tatu alimtetea. Alikuwa akisema, "Somoe namjua mimi, ana sababu zake," ingawa sababu zenyewe hakuzijua. Kila nikimsikia nilitamani Bibi avuke ukumbi mpaka kwa Bi Tatu amwambie.

Kisha akafa mume wa Bi Tatu. Alifia hospitali asubuhi, na kufikia adhuhuri ukumbi wetu ulijaa viatu vya wanawake. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka, chumbani kwake, amegemea ukuta, na macho yake yalikuwa mlangoni. Bibi alinitaka nimfunge kanga mbili, moja juu ya nyingine, nikaze. Akavuka ukumbi. Akasimama kizingitini, akainama alivyoweza, akanyosha mkono, akasema, "Pole, shoga yangu. Mungu akupe subira." Bi Tatu akaupokea mkono na kuuvuta kidogo, kumwelekeza akae pembeni yake, mahali ambapo wanawake walikuwa wamekwisha kumwachia nafasi. Bibi akauchomoa mkono. Akarudi chumbani kwetu na kufunga mlango. Kimya kilichofuata kule ndani nilikisikia nikiwa ukumbini. Mtu wa kupita njia hutoa mkono wa pole amesimama. Shoga wa miaka yote ile hasimami.

Bi Tatu akaingia eda. Mjane wa Kiislamu hutulia ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wanaume wasio maharimu zake hawaingii alipo, na wanawake humwendea kumpunguzia upweke. Kwa hiyo ukumbi wetu ukawa na vizee wawili waliofungiwa, mmoja na dini na mwingine na magoti yake, hatua chache kati yao, na milango yote miwili imefungwa. Nilikuwa nikitoka shule naingia katika kimya hicho. Bibi alikuwa amekaa kitandani anasikiliza. Alijua kila aliyeingia kwa Bi Tatu kwa sauti ya ndara zake, alijua leo kaletewa nini, alijua siku asizopata mgeni. "Leo hajaja mtu kwa Tatu," aliniambia alasiri moja, na macho yake yakajaa machozi. Nikamwambia aende basi, nitamshika. Akasema, "Nitakaaje juu yake, mume wake kafa?"

Ulipofika mwezi wa Ramadhani sahani za futari zilipita mlangoni kwetu zikielekea vyumba vingine. Zamani Bi Tatu hakufuturu kabla hajatuletea tambi zake. Mwaka ule Bibi alifuturu kwa tende na chai, akinisikiliza nikitafuna, maana nyumba ilikuwa kimya kiasi hicho. Nilikuwa mtoto na nilikuwa na hasira na watu wazima wote wawili. Nilikuwa na upweke pia, wa aina ya ajabu, wa kubeba kitu ambacho kingemaliza ugomvi kwa sentensi moja lakini si changu.

Baada ya sikukuu ndipo hitima ya arobaini ya marehemu iliposomwa. Ilikuwa imecheleweshwa makusudi kwa sababu ya mfungo. Asubuhi ile Bibi alikataa chai. Alikataa na maji. Nilipomuuliza akaniambia leo hataki kwenda uani kwa sababu atakaa. Akanishika bega, tukavuka ukumbi kabla wageni hawajaja. Chumba kilikuwa kimepangwa mikeka ukuta kwa ukuta, na Bi Tatu, katika nguo zake za eda, alikuwa akipanga juzuu kwenye sinia. Hakusema karibu. Bibi akachagua kona ya mbali na mlango, akaniegemea, akajiachia, akatua. Nikaona uso wake ulivyokunjamana na kukunjuka upesi. Akanyosha miguu, akaifunika na kanga, akatazama mbele.

Akakaa vile kutwa. Wanawake walikuja, wakasoma, wakala pilau, wakasengenya kidogo kama kawaida, na kila aliyeingia alimsalimia kwa adabu na kwenda kukaa mahali pengine. Hakuna aliyemtukana. Waliketi tu wakimwachia nafasi kubwa kila upande, mpaka mkeka ule alioukalia ukawa kama wake peke yake. Nilimletea sahani, akaimega mara mbili na kunirudishia. Alasiri watu wakaanza kutawanyika, viatu vikapungua ukumbini, wapishi wakaosha masufuria na kuondoka. Mwisho tukabaki watatu.

Bi Tatu alikuwa akikung'uta mikeka. Alipofika kwenye ule wa Bibi akasimama.

"Somoe, watu wamekwisha kwenda."

"Nimeona."

"Basi na wewe nenda ukapumzike. Mkono wa pole ulishanipa."

Bibi alikuwa akiviangalia vidole vyake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja dhambi, "Siwezi kunyanyuka, Tatu."

Bi Tatu alimtazama, akanitazama mimi. Nadhani alidhani ni mafumbo, maana wanawake wale walisemeana kwa mafumbo mchana kutwa. Akaniuliza mimi, "Anasema nini bibi yako?" Nikamwambia magoti yake hayamnyanyui. Nikamwambia na vidole, na choo, na nazi. Nilipoanza sikuweza kunyamaza, na Bibi hakunizuia. Nikamwambia na kanga ya Gerezani.

Bi Tatu akaukalia mkeka, taratibu, bega kwa bega na Bibi. Nilitegemea atamhurumia, lakini alikasirika. "Mume wangu kafa," alisema, "nikawa nakaa humu ndani nauangalia mlango wako, najiuliza nimekukosea nini. Nimehesabu makosa yangu yote tangu tujuane. Kumbe magoti?" Bibi akasema, "Niliona aibu." Bi Tatu akasema, "Na mimi ukaniacha ninune." "Kununiwa nimezoea," alisema Bibi, na hapo wote wawili wakalia, vibaya, kwa sauti, kama vile maiti ndiyo kwanza imetolewa ndani.

Kumnyanyua ilikuwa kazi nyingine. Bi Tatu hakuwa na nguvu hizo, wala mimi, na Bibi hakutaka waitwe wanawake wa uani. Nje walikuwapo vijana wakifungua turubai, wenye mikono mipana, lakini chumba cha mwenye eda hakiingiliwi na vijana wa watu, na Bi Tatu hakuwa tayari kuivunja eda yake kwenye siku ya hitima. Tukangoja. Walikaa wanazungumza wakati mimi nikimpa Bibi maji kidogo kidogo, na nilikuwa sijamwona akizungumza vile tangu nihamie pale. Jua lilipokuwa linazama Mama akafika kutoka Mchikichini na gunia lake la viatu. Akamkuta mama yake sakafuni. Akalitua gunia, akamkumbatia kwa mbele, akamnyanyua kwa pumzi moja kama wanavyonyanyua marobota. "Mbona hukuniambia?" alimuuliza. Bibi akamjibu, "Ungeacha biashara?" Asingeacha, na Mama alilijua hilo.

Ningependa kusema kwamba mambo yakawa mema. Yakawa mema kwa muda uliobaki wa eda. Bi Tatu alimkalisha Bibi kitandani kwake, yeye mwenyewe akakaa mkekani, na mwanamke yeyote aliyetupa jicho kuelekea kitandani aliambiwa papo hapo kwamba Somoe amekaa pale kwa amri ya mfiwa. Lakini eda ilipokwisha, mtoto wa Bi Tatu akaja kumchukua, akampeleka kwake Chanika. Baada ya hapo warithi wa mwenye nyumba wakaiuza, na sisi tukahamia Buguruni, katika chumba kisicho na ukumbi wala mlango wa kutazamana nao. Bibi aliishi huko misimu miwili ya mvua. Alipofariki watu walikuja wengi tu, lakini walikuwa watu wa Mama, wauza viatu, ambao hawakuwahi kumwona akiongoza msiba. Walimzika vizuri bila kumjua. Bi Tatu alipiga simu. Alishindwa kuja, na hakutaja sababu.

Sasa nafanya kazi Posta, na nikipita Likoma naona ghorofa la maduka ya simu mahali ilipokuwa nyumba yetu. Misiba ya siku hizi, hata ya mtaani, huletewa viti vya plastiki vya kukodi kwa lori, vya wanaume na vya wanawake, na mtu mzima akitaka kiti hupewa bila mtu kugeuza shingo. Huwa nawaza kwamba Bibi alizaliwa mapema mno tu. Angekaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, akigawa kazi, na sisi wengine tukimsikiliza. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba lile jambo limekwisha, limeondoka pamoja na mikeka.

Mama naye amezeeka. Nimehamia naye Ilala, katika ghorofa za zamani zisizo na lifti, sisi tuko juu kabisa. Biashara ameiacha. Ana simu iliyojaa majina ya mashoga zake wa Mchikichini, na mchana kutwa hutumiana sauti. Siku hizi huniambia harusi zina makelele, maulidi yanachelewa kumalizika, sokoni kuna joto. Jumapili iliyopita alifiwa mmoja wa mashoga hao, pale pale Mchikichini, mwendo mfupi kwa bajaji. Mama akasema atatuma rambirambi kwa simu. Nilikuwa napiga pasi. Nikaizima, nikamuuliza kama kuna mahali panapomuuma. Akasema hapana. Nikakaa pembeni yake nikangoja, kwa kuwa najua maneno haya huchukua muda kutoka.

"Kupanda napanda," alisema mwishowe, akitazama dirishani. "Kushuka ndiyo siwezi."

Nikamuuliza imeanza lini. Akasema tangu mfungo, na mfungo wote ule nilifuturu naye, meza moja, kila jioni.